Shajara ya mradi: programu huria ya maji kujaa na kupwa

Programu yenyewe ni ndogo. Unachagua kituo cha pwani, inakuonyesha leo maji yanapwa saa ngapi, yanajaa saa ngapi na kwa kimo gani. Ina pia sehemu ya kuweka kumbukumbu za shamba la mwani: kamba ngapi, kilo ngapi, tarehe gani. Hesabu zote zinafanyika ndani ya simu, kwa hiyo ukishaisakinisha huhitaji bando. Imeandikwa kwa Kotlin, lugha ya kuandikia programu, na msimbo wake uko wazi kwenye tovuti ya GitHub chini ya leseni ya GPL toleo la 3: yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuibadilisha na kuigawa, mradi anapoigawa naye atoe msimbo wake kwa masharti yale yale.

Niliingia kama mfasiri. Sasa mimi ndiye mtunzaji. Naandika kila hatua inapokamilika, ili anayetaka kushika kazi kama hii asikwame pale nilipokwama mimi.

9 Februari 2025: Kuijenga mara ya kwanza

Kompyuta mpakato yangu ina RAM ya GB 4. Android Studio, chombo cha kutengenezea programu za Android, ilifunguka, ikaanza kushusha vitu vyake, halafu kila kitu kikaganda. Niliiacha usiku kucha. Asubuhi nikakuta bando la GB 10 limekwisha na APK, yaani faili ya kusakinisha programu, haipo. Shilingi 20,000 zimekwenda hivyo.

Dawa yake ni kuacha kujenga nyumbani. Kwa miradi iliyo wazi, GitHub Actions, huduma ya kujenga programu kwenye seva zao, haitozi kitu. Niliandika faili moja ya maagizo (YAML) inayoiamuru seva ijenge APK kila ninapopeleka mabadiliko. Sasa nahariri kwa kihariri chepesi, napeleka maandishi ya KB chache, narudishiwa APK ya MB 5. Kila jaribio linachukua dakika sita hadi nane, kwa hiyo nimezoea kuusoma msimbo mara mbili kabla ya kuupeleka.

2 Machi: Tafsiri na ngeli

Faili ya Kiswahili ilikuwepo, ila ilikuwa imepitishwa kwenye mashine tu. Ilisema "wimbi la chini" na "wimbi la juu". Mtu wa pwani akisoma hivyo anaelewa bahari imechafuka. Nikaweka maji kupwa, maji kujaa, bamvua (siku ambazo maji yanajaa na kupwa sana) na maji mafu (siku ambazo yanapanda na kushuka kidogo), maneno yanayosemwa ufukweni kila siku.

Kazi ngumu ilikuwa kwenye ngeli. Msimbo ulikuwa na sentensi moja ya kutangaza kwamba kitu kimefutwa, yenye nafasi wazi ambapo jina la kitu huchomekwa. Kwa Kiingereza sentensi hiyo inatosha kwa vitu vyote. Kwa Kiswahili kituo kimefutwa, shamba limefutwa, kumbukumbu imefutwa. Tafsiri iliyokuwepo ilichagua "imefutwa" kwa vyote, na matokeo yake ni "shamba imefutwa", lugha ambayo mwenye simu ataisamehe lakini hataiamini.

Nilijaribu njia mbili. Ya kwanza ni kukwepa: "Umefuta: shamba". Kitenzi kinafuata mtu aliyefuta, si kitu kilichofutwa, kwa hiyo ngeli haiguswi. Inafanya kazi, na kama mtunzaji wa mradi wako hataki msimbo uguswe, tumia hiyo. Ya pili ndiyo ya kudumu: kuigawa ile sentensi moja iwe tatu, kila jina na yake. Nilimwandikia mwanzilishi wa mradi na kumweleza kwamba tatizo hili linawakuta pia wasemaji wa Kifaransa na Kiarabu, kwa sababu ya jinsia ya majina. Alikubali siku ya nne. Ukiomba mabadiliko ya msimbo kwa ajili ya lugha yako, onyesha na lugha nyingine zinazonufaika. Ombi lako linakuwa na uzito zaidi.

Wingi haukusumbua. Android inakipa Kiswahili namna mbili tu, moja na nyingi: "shamba 1", "mashamba 3". Angalia tu namba ikae baada ya jina.

27 Mei: "Nani kaandika haya?"

Bamvua limeingia. Nilipanda daladala hadi Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, kumwonyesha mama mdogo, ambaye yuko kwenye mwani kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilimkuta amekaa barazani na rundo la kamba, anafunga mbegu. Nikampa simu. Akaisogeza mbali kidogo na macho, akasoma kwa sauti: "Maji kupwa saa 10:20."

Akaiweka kamba chini.

"Saa kumi maji yako juu ya vigingi, mwanangu. Saa kumi mimi nishaoga niko ndani. Nani kaandika haya?"

"Mimi, mama."

Ilikuwa kweli mimi. Msimbo ulitoa saa kwa mtindo wa saa 24, yaani 10:20, ambayo sisi tunaiita saa nne na dakika ishirini asubuhi. Kwa Kiingereza ilikuwa imekaa sawa. Katika kutafsiri niliandika "Maji kupwa saa", kisha ile nafasi ya namba. Mtu akiona 10:20 kwenye kioo cha simu anaigeuza mwenyewe kichwani, tumeshazoea. Lakini ukishatanguliza neno "saa" katika sentensi ya Kiswahili, umemwambia namba inayofuata ni ya Kiswahili, na msomaji hana sababu ya kuigeuza tena.

Kisha nikaona ubaya wenyewe, na bado unanishtua. Saa yetu inatofautiana na ile nyingine kwa saa sita kamili. Na bahari yetu, kutoka kupwa hadi kujaa, inachukua saa sita na kama dakika kumi na mbili. Kosa la saa tatu lingemkutanisha mtu na maji ya katikati, naye angeshuku. Kosa la saa sita linamkutanisha na kinyume kabisa: kila palipoandikwa kupwa, bahari imejaa. Jedwali langu zima lilikuwa limegeuzwa miguu juu, na hakuna hata namba moja iliyokokotolewa vibaya.

Mama mdogo hakudhurika kwa sababu yeye anahesabu mwezi. Lakini programu hii haikuwekwa kwa ajili yake. Imewekwa kwa msichana anayeanza, kwa mgeni wa kijiji, kwa aliye kwenye kamba za mbali ambaye maji yanaweza kumrudia akiwa ameinama. Jioni hiyo hiyo niliondoa neno "saa" katika sehemu zote 14 na kuomba toleo la dharura. Lilitoka kesho yake.

3 Juni: Saa ya Kiswahili ndani ya msimbo

Kuondoa neno lilikuwa bandeji tu. Nilitaka isomeke "saa 4:20 asubuhi".

Jaribio la kwanza: kutoa sita kwenye saa ya kawaida, kisha kuchukua baki ya kugawa kwa 12. Mchana wote ilikwenda vizuri. Usiku ikatoa "saa -2:15". Katika Kotlin, baki ya namba hasi inabaki hasi. Dawa ni kujumlisha badala ya kutoa: (h + 6) % 12, ambapo h ni saa ya kawaida na % ni baki ya kugawa, na jibu likiwa sifuri andika 12. Nimeweka pia jaribio linalopita saa zote 24 kila programu inapojengwa. Ukinakili kitu kimoja tu kutoka shajara hii, nakili hilo jaribio.

Jaribio la pili: vipindi vya siku. Nilianza kwa kugawa siku mara mbili, asubuhi na jioni. Nikapata "saa 8:40 jioni". Hakuna anayesema hivyo. Sasa ziko sita: alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku. Mipaka yake ilizua mjadala mrefu kati yangu na mchangiaji wa Dar es Salaam aliyetaka alasiri iondolewe. Nimeibakiza, kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja. Watu wanaoitumia zaidi programu hii ni wa pwani, na kwao alasiri ni wakati unaojulikana kwa adhana.

Kosa la tatu ni la uzembe. Nilitumia maktaba ya java.time, ambayo imo ndani ya Android kuanzia toleo la 8. Mfumo ulinionya, nikalipuuza onyo. Simu ya mama mdogo ni Android 7: programu ilifunguka na kufunga papo hapo. Haikuhitaji kuandika upya. Kuna mpangilio wa Gradle, chombo kinachojenga programu, unaofunga maktaba hiyo ndani ya APK kwa ajili ya simu za zamani, ni mistari miwili. Lakini mistari miwili hiyo ilinikuta baada ya mtu kukosa programu kwa siku tatu.

Bado halijafungwa: "usiku wa Jumanne". Kwa wazee wengi ni usiku unaotangulia mchana wa Jumanne. Kwa kalenda ya simu ni usiku unaoufuata. Kwa sasa tunaandika "usiku wa kuamkia Jumatano" na hakuna aliyelalamika.

12 Juni: Kupima tena

Jambiani, siku moja baada ya mwezi mpevu. Programu ilisema saa 4:30 asubuhi. Mama mdogo alisoma, hakusema kitu, akanirudishia simu na kuchukua kapu lake. "Haya, twende."

Nilisimika kijiti nilichokitia alama kila sentimita 10 na kukaa nacho. Maji yaliacha kushuka ndani ya robo saa ya ule wakati. Tuliporudi akaniuliza hiyo sehemu ya kilo inafanyaje kazi. Tangu siku hiyo anaandika humo.

20 Julai: Kukabidhiwa mradi, na ufunguo

Mwanzilishi ameajiriwa kwingine na hana tena nafasi. Aliniuliza kama ningeshika mradi, nikakubali siku hiyo hiyo, nikapewa mamlaka ya hazina yote ya msimbo. Sikuuliza swali lililokuwa muhimu kuliko yote: ufunguo wa kusaini uko wapi?

Kila APK ya Android inasainiwa. Simu inakubali sasisho ikiwa tu limesainiwa kwa ufunguo ule ule wa toleo lililotangulia. Hivyo ndivyo inavyojua kwamba sasisho limetoka kwa mwenyewe na si kwa mwizi. Ufunguo wa mwanzilishi ulikuwa kwenye diski iliyokufa. Mimi, bila kujua, nilitengeneza ufunguo mpya, nikatoa toleo la 1.9 na kulituma kwenye kundi letu la WhatsApp, kwa kuwa wengi huku wanapeana APK mkono kwa mkono.

Dakika chache baadaye mmoja akaandika: "Inakataa." Nikamjibu: "Ifute kwanza, kisha uiweke upya."

Jibu hilo ndilo kosa kubwa nililofanya katika mradi huu. Android ikifuta programu inafuta na kumbukumbu zake. Watu kumi na mmoja walifuata ushauri wangu kabla sijatanabahi. Usiku mama mdogo akapiga simu. Hakunisalimu vizuri.

"Kilo zangu ziko wapi?"

Alikuwa anaziandika ili alinganishe na mizani ya mnunuzi. Wiki tano za kamba na kilo, zimefutika. Nilikwenda Jambiani asubuhi yake, tukakaa na vile vikaratasi vya malipo alivyovihifadhi kwenye kopo, tukaziandika upya moja moja. Wiki moja haikupatikana. Niliwapigia wale wengine kumi mmoja mmoja na kuwaeleza kwamba kosa ni langu.

Marekebisho, kwa mpangilio niliotakiwa kuufuata tangu mwanzo:

Toleo la 1.9 niliondoa. Nilibadilisha kitambulisho cha programu, ili toleo jipya likae kwenye simu kando ya la zamani bila kuligusa. Mtu anafungua la zamani, anasoma, anajaza jipya. Kuongeza kitufe cha kuhamisha katika toleo la zamani hakuwezekani, maana nalo lingehitaji ufunguo uliopotea. Waliochukua programu kupitia F-Droid, duka la programu huria, hawakuathirika: F-Droid hujenga wenyewe kutoka kwenye msimbo na kusaini kwa ufunguo wao, kwa hiyo upande huo kitambulisho cha zamani kimebaki.

Kisha nikaandika kitu ambacho kingepaswa kuwepo kabla ya mapambo yote: kitufe cha kutoa kumbukumbu zote katika faili ya CSV (jedwali la maandishi matupu), na cha kuzirudisha. Kipo ukurasa wa kwanza, si ndani ya mipangilio.

Ufunguo wangu uko kwenye flashi mbili, moja kwangu na moja kwa mtu ninayemwamini anayeishi mtaa mwingine. Nywila yake imeandikwa kwenye karatasi, mbali na flashi zote mbili.

24 Agosti: Android 15

Google Play inadai kwamba kuanzia tarehe 31 mwezi huu programu mpya na masasisho yalenge Android 15. Nilitaka kuingia Play, kwa hiyo nikapandisha namba ya toleo la Android linalolengwa. Kwenye simu yangu hakuna kilichobadilika. Rafiki mwenye simu mpya akanitumia picha: mstari wa kwanza wa jedwali umejificha chini ya ukanda wa juu wa simu, saa ya simu imeikalia saa ya maji kupwa. Mtu angeweza kusoma moja akidhani ni nyingine, na kwa programu hii hilo si suala la urembo.

Sababu: programu inayolenga Android 15 inachorwa hadi ukingoni mwa skrini, chini ya ukanda huo, na ni wajibu wako kuacha nafasi. Upo mpangilio wa kukataa, niliutumia kwa siku mbili. Lakini ukilenga Android 16 hautambuliwi tena, kwa hiyo ni kuahirisha deni. Nilirudi nikafanya kazi yenyewe: kila ukurasa unauliza simu upana wa kingo zake na kusogeza maandishi. Kurasa tano, jioni tatu, simu ya kuazima.

21 Septemba: Wapimaji 12

Akaunti ya msanidi wa Play inalipiwa mara moja, dola 25, kwangu kama shilingi 62,000. Kwa akaunti binafsi mpya kuna sharti: kabla ya kufungua kwa umma, wapimaji wasiopungua 12 wajiunge na wabaki kwa siku 14 mfululizo.

Nilikusanya 12 kamili. Siku ya tisa mmoja akajitoa, tukawa 11, na mfululizo ukakatika. Mzunguko wa pili nilikusanya 18. Kusanya wa ziada tangu mwanzo, na uwaeleze kwa sauti ya kawaida ya simu kwamba wasijitoe, maana ujumbe wa maandishi husomwa nusu.

Jambo jema huku: Play inahifadhi ufunguo wa kusaini kwao, wewe unabaki na ufunguo wa kupakia tu, ambao ukipotea unaweza kuomba mwingine. Lakini ina maana pia kwamba toleo la Play, la F-Droid na la WhatsApp yana saini tatu tofauti. Kuhama kutoka moja kwenda jingine, toa faili ya CSV kwanza. Nimeliandika hilo kwa herufi kubwa mwanzoni mwa maelezo yote matatu.

19 Oktoba: Hesabu, na kituo cha Mombasa

Gharama hadi leo: bando la Februari 20,000, mabando mengine 45,000, Play 62,000, flashi mbili 30,000, nauli ya Jambiani safari nne 24,000. Jumla shilingi 181,000. Programu iko Play tangu wiki iliyopita.

Mchangiaji wa Mombasa ameleta kituo cha Kilindini, bandari ya Mombasa. Kazi yake ilikuwa safi, ila namba alizinakili kutoka jedwali lililochapishwa ambalo masharti yake hayaruhusu kugawa. Ilibidi nikatae, na nilihakikisha namwandikia siku hiyo hiyo, nikieleza sababu na njia nyingine. Aliyejitolea jioni zake asiachwe bila jibu.

Njia yenyewe: University of Hawaii Sea Level Center wanatoa bure vipimo vya bahari vya saa kwa saa, vya Zanzibar na vya Mombasa. Tunavichambua kwa UTide, maktaba huria ya Python, inayotoa nguvu ya mwezi na ya jua kila moja peke yake. Tulianza na vipimo vya siku 30 kwa haraka zetu. Jedwali lilikubaliana na bahari mwezi huo, kisha likaanza kupotoka. Baadhi ya mawimbi ya jua yanakaribiana mno kiasi kwamba bila vipimo vya nusu mwaka huwezi kuyatenganisha. Sasa tunatumia mwaka mzima, vipimo 8,760, na kompyuta yangu ya GB 4 inamaliza bila kuganda.

Mwezi unakwisha tarehe 21 na bamvua linafuata. Mchangiaji wa Mombasa ameshatia alama kijiti chake. Mimi nitakuwa Jambiani na changu, na mama mdogo ameniagiza nimletee betri ya simu, maana yake haimalizi siku.